Bomba la Bafuni

Daktari alisema sonona inaweza kudhoofisha kinga ya mwili, na kinga ya mgonjwa wa saratani ni ya kubembelezwa. Alikuwa bado anaeleza, lakini mke wa mgonjwa, seremala, alishasikia alichosikia. Akabeba mkoba, akainuka.

Kuanzia siku ile huzuni ikapigwa marufuku nyumbani. Shemeji aliyekuja na uso wa msiba alirudishwa mlangoni akarekebishe sura. Mama mwenyewe, fundi cherehani, alisimulia vituko vya wateja mpaka koo likamkauka, na kila mishono miwili mitatu aligeuka kuchungulia kama mumewe anacheka. Mume alicheka, kwa adabu, kama mteja anayesifu gauni linalombana.

Hata hivyo chembe nyeupe za damu zilishuka na dozi ya saratani ikaahirishwa. Wiki iliyofuata, hivyo hivyo. Kipimo cha tatu kilikuwa kesho kutwa, na mama hakukalika. Alikunja nguo zilizokwisha kunjwa.

"Unanificha kitu?"

"Nikufiche nini, mama watoto? Si nacheka?"

Akaenda kuoga. Kama kila asubuhi, alifungulia bomba mpaka mwisho, na mkewe akalalamika kimoyomoyo juu ya maji. Safari hii maji yalitokea chini ya mlango. Mama akausukuma.

Seremala alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, nguo zake mwilini, hazijalowa, taulo kaliuma kwa meno. Mabega yalimtikisika.

"Usinihesabie hii," alisema. "Ulisema nikihuzunika nitakufa."

Mama alitaka kubisha. Lakini ndivyo alivyosema, kwa kila njia isipokuwa mdomo. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Akanyoosha mkono, akafunga bomba.

"Lia, baba. Sitakuhesabia."

Akakaa pale pale kwenye maji na gauni lake, naye mwenyewe akalia, mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie.

Siku ya kipimo, kabla ya sindano ya kutoa damu, mama alikaa kitako mbele ya daktari.

"Siku ile niliinuka hujamaliza. Malizia leo."

"Nilikuwa nasema sonona nayo ni ugonjwa, na ina tiba," daktari akajibu. "Tena si kosa la mgonjwa. Halazimiki kumchekea mtu."

Seremala alimgeukia mkewe, uso umechoka, bila tabasamu hata la dawa. Mama akauangalia uso ule, akauacha ulivyo.