Shukrani Zangu kwa Babu wa Kiungo

Mtaa mzima umenuna. Tangu timu yetu itolewe robo fainali Jumamosi, watu wanasalimiana kama wametoka mazikoni. Fundi redio wa mlango wa pili ameshusha bendera juu ya duka lake na kuapa kwamba hatazami tena mpira mpaka kocha afukuzwe. Mimi peke yangu napita nikipiga mluzi. Wananikata jicho, na siwalaumu. Asiyejua kisa atasema nimehongwa.

Si kwamba sikuumia. Na kero na mashindano haya ninazo, tena tele. Kuna hili la refa kusimamisha mchezo akachungulie televisheni pembeni, kana kwamba ameacha sufuria jikoni. Mtu umeshashangilia, umeshamkumbatia jirani usiyemwamini, halafu unaambiwa goli limefutwa kwa sababu ya kidole cha mguu. Kuna mtangazaji wetu, yule anayetwambia mvua inanyesha wakati tunaiona. Halafu kuna kocha. Huyo bwana ana suti nzuri na viatu vya kung'aa, lakini akili ya kubadilisha wachezaji humjia watu wakishaanza kutafuta kandambili zao waondoke.

Na juu ya wote hao kuna Babu. Jina lake halisi mnalijua, sisi tunamwita Babu kwa sababu ndiye kiungo mkongwe kuliko wote waliokwenda mashindanoni mwaka huu. Mimi nilisema tangu mwanzo, na nasema leo, na nitasema kesho: Babu angeachwa nyumbani acheze na wajukuu. Hakimbii! Mpira ukimpita anaugeukia taratibu, kama mtu aliyeitwa na anayemdai. Lakini huyohuyo Babu, tangu Jumamosi, namwombea heri asubuhi na jioni. Ngoja niwaeleze.

Mimi na kaka yangu ni mafundi wa kuvisha viti. Tunavisha makochi, viti vya ofisini, viti vya magari, chochote kinachokaliwa. Yeye anakata kitambaa, mimi navuta na kupigilia. Misumari yetu ni midogo, na kwa kuwa mikono yote miwili inakuwa kazini, misumari tunaiweka mdomoni, tunaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi. Wateja wageni hushtuka wakituona. Sisi tumezoea, na mifuko ya mashati yetu haikosi misumari hata siku ya harusi. Shemeji yangu, mke wa kaka, anaiokota kila siku kwenye mazulia yake na kunitukana kwa heshima.

Siku nzima pale karakana tulikuwa tunabishana mpira. Sikumbuki tumewahi kukubaliana. Akisema nyeupe, nasema nyeusi, na ukinikuta nimesema nyeupe ujue kaka ametangulia kusema nyeusi. Wateja walikuwa wanakuja kuulizia viti vyao na kukaa hapo mpaka jioni wakicheka. Na tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeitunga. Aliyeishiwa hoja hujaza misumari mdomoni. Mwenye misumari mdomoni hawezi kujibu, na hakuna wa kumlazimisha. Kwetu sisi kumwambia ndugu yako "umeshinda" ni aibu ya karne, kwa hiyo tulikuwa tunaweka misumari, tunainama kwenye kazi, yameisha.

Habari ya Babu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Kaka anampenda huyo mchezaji kupita kiasi. Nikisema hakimbii, kaka alikuwa anaweka mkasi chini, ananitazama kwa huruma, anasema, "Mpira ndio unakimbia. Yeye akimbie wapi?" Basi. Hapo ananiacha natapatapa. Nimewahi kumjibu kwa maneno mia, na mara zote niliishia na misumari mdomoni, maana swali lenyewe halina pa kushika.

Kisha kiharusi kikampiga. Alikuwa amesimama mezani anakata kitambaa cha kijani cha kochi la mwalimu mkuu, mkasi ukamponyoka, akaja chini taratibu ubavuni mwa meza. Nilimdaka kichwa. Hospitali walifanya kazi yao, Mungu awalipe. Mguu ukarudi, anatembea na fimbo. Mkono wa kulia ukarudi nusu. Kusema hakukurudi.

Mwalimu wa matamshi, mama mmoja mpole anayekuja nyumbani na picha zake za vikombe na funguo, alituweka sebuleni akatueleza. "Anaelewa kila kitu," alisema. "Maneno yamo, njia ya kutokea ndiyo imekuwa nyembamba. Inataka aisukume mwenyewe. Msimsemee. Akishazoea kunyamaza, kumrudisha kutakuwa kazi ngumu sana."

Tuliitikia kwa vichwa wote, na wote tukaenda kufanya kinyume. Sasa ungefanyaje? Kaka akigeuza macho tu, shemeji ameshafika na maji. Akifungua mdomo, shangazi yetu anamalizia: "Unataka mto? Unataka dirisha lifungwe?" Naye anafunga mdomo wake. Akionyeshwa picha ya kikombe anaitazama, kisha anamtazama mwalimu, kisha anageukia ukuta. Mwalimu alikuwa anaondoka akitabasamu, lakini mlangoni nilimsikia akimwambia shemeji, "Hajaribu. Naogopa amekata tamaa." Shemeji aliingia jikoni akafungua bomba la maji ili tusimsikie akilia. Tulimsikia.

Mimi zamu yangu ilikuwa mpira. Mashindano yalipoanza nilimtengenezea kiti chake upya, nikaongeza sponji upande wa kulia ili mkono ulale vizuri, nikakisogeza mbele ya televisheni. Kila mechi ya timu yetu nilikuwa natoka karakana moja kwa moja, na vumbi la sponji kichwani, nakaa kwenye kigoda miguuni pake. Na nikamwonea huruma. Nikawa namkubalia.

"Kweli kaka, Babu ni fundi," nilisema mechi ya kwanza. Haki ya Mungu, ulimi uliniwasha. Mechi ya pili Babu alipoteza mipira ambayo hata shangazi angeituliza, nami nikasema, "Unaona kaka? Ulisema kweli, huyu mtu ana macho." Nilitarajia afurahi. Alinitazama usoni kwa muda, uso wa mtu aliyeuziwa kitu kibovu, kisha akageukia ukuta. Nikadhani amechoka. Nikapunguza sauti ya televisheni, nikamfunika miguu. Nilikuwa na nia njema, na nilikuwa namzika.

Basi ikaja Jumamosi, robo fainali, mchana kweupe. Mtaa ulikuwa kimya, hata waosha magari walikuwa wamefunga. Sebuleni tulikuwa wanne: kaka kwenye kiti chake, shemeji, shangazi na mimi kwenye kigoda changu. Tulikwenda vizuri. Hawajatufunga, hatujawafunga, na wale jamaa walikuwa wameanza kuchoka. Nilikuwa nasema yale maneno yangu ya adabu, "Babu leo anacheza, kaka, anacheza," huku nimefumba ngumi kwa hasira maana Babu alikuwa anatembea.

Dakika zilipokuwa zinayoyoma, Babu akapewa mpira katikati ya uwanja, hana mtu karibu. Akausimamisha. Akainua kichwa, akatazama kushoto, akatazama kulia, mtu ungedhani anachagua kitambaa dukani. Kijana wao akaja nyuma yake mbio, akampokonya kiulaini, pasi moja, shuti moja, goli.

Hapo sikujua nilikuwa nani wala nilikuwa wapi. Niliruka, kigoda kikaenda kule, nikageuka nikamtolea kaka yote. "Huyo hapo! Huyo hapo Babu wako! Miaka yote nakwambia, hakimbii! Kivuli chake kinafika kabla yake! Umempamba, umemtetea, umenitukana mbele ya wateja kwa ajili yake, haya, tazama! Ametuua! Hakimbii, kaka, hakimbii, na wewe hujui mpira, hujawahi kujua mpira!"

Shangazi alinishika shati. "We mtoto una wazimu? Mgonjwa huyo!"

Shemeji alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Nilimtazama kaka nikiwa tayari kupiga magoti. Alikuwa amenyanyua mgongo kutoka kwenye kiti. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka, jasho linamtiririka, na yale macho, jamani, yale yalikuwa macho ya karakana. Midomo yake ikaanza kuhangaika.

"M..." alisema. "Mm..."

"Maji?" shangazi akaruka. "Anataka maji!"

"Shangazi, nyamaza!" alisema shemeji. Sijawahi kumsikia akimpandishia sauti mkwe.

"Mm... mji... mjinga," alisema kaka.

Sauti ilikuwa nzito, imepinda, lakini ilikuwa yake. Neno lenyewe nalijua, nimelelewa nalo. Nilitaka kumwangukia miguuni nilie. Machozi yalikuwa yameshanijaa. Lakini nilimwona shemeji akinitazama huku akitikisa kichwa kwa nguvu, na mkono wake unanizungushia hewani: endelea, endelea. Mwanamke mwenye akili yule. Nikaelewa.

"Mjinga nani?" nilipiga kelele. "Mimi? Mjinga ni anayemtetea mtu asiyekimbia! Nipe sababu! Nipe sababu moja! Kwa nini hakimbii?"

Kaka akaushika mkono wa kiti, kile nilichokiongezea sponji. Alifumba macho. Tulimwona akitafuta, akisukuma, uso wote unakunjamana. Kwenye televisheni walikuwa wanaendelea na sisi tunakwisha, na hakuna hata mmoja wetu aliyetazama. Shangazi alikuwa ameshika ushungi wake kwa mikono miwili, na nilimwona anaufinya midomoni ili maneno yasimtoke.

"A... aki..." alisema kaka. Akapumua. Akaanza upya. "Akimbie... wa... wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Wallahi nilifungua. Na nikagundua kwamba baada ya miaka yote ile bado sina jibu.

Basi nikaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, nikatoa misumari, nikajaza mdomo.

Kaka alinitazama hivyo, nimesimama katikati ya sebule na machozi yananichuruzika mpaka kidevuni, misumari imenitokeza kwenye midomo. Bega lake moja likaanza kutikisika. Kisha la pili. Akacheka, kicheko cha upande mmoja, mate yanamtoka, na hakujali, wala sisi hatukujali. Shemeji akapiga kigelegele kilichopenya kuta zote.

Na ndipo refa akamaliza mechi. Tumetolewa. Mtaa mzima ukashusha pumzi kwa pamoja, mtu mmoja huko nje akaanza kulia kwa sauti, na nyumba yetu peke yake inapiga vigelegele.

Fundi redio alifika kabla hatujapumua. Alikuwa amevaa jezi, macho mekundu, anagonga mlango kwa kiganja. "Mna nini nyie?" alifoka. "Nchi imekufa, nyie mnashangilia! Mnashangilia nini?"

Mimi singeweza kumjibu, mdomo ulikuwa umejaa. Shemeji alikuwa anacheka na kulia pamoja. Ni kaka aliyegeuza kichwa, taratibu, akamnyooshea fundi redio fimbo yake.

"Kaa," alimwambia.

Fundi redio alikaa. Hakukuwa na kiti karibu, alikaa chini, palepale mlangoni, na jezi yake, na akasahau kabisa alichokuja kugombania.

Leo ni siku ya nusu fainali. Timu yetu haimo, lakini kiti cha kaka nimeshakisogeza. Mwalimu wa matamshi alikuja jana, akasikia habari, akarudisha picha zake za vikombe mkobani na kusema anataka kuja kutazama mechi. Maneno bado ni machache na yanamgharimu. Siku nyingine hayatoki kabisa, tunakaa naye tu. Lakini hageukii ukuta tena, na hapana ruhusa ya mtu yeyote kumalizia sentensi yake, shangazi ameapishwa.

Kwa hiyo namshukuru Babu kwa kuupoteza ule mpira. Namshukuru kocha kwa kutomtoa. Namshukuru hata yule kijana aliyetufunga, Mungu ampe magoli mengine, ila si dhidi yetu. Asubuhi hii nilimpelekea kaka chai, nikamwambia kwamba gazeti limeandika Babu anastaafu, na mimi nasema amechelewa sana. Aliweka kikombe chini. Akanitazama kwa huruma, ileile ya zamani.

"Toa," alisema. Akapumua, akanyoosha kidole kwenye mfuko wa shati langu. "Mi... misumari."