Kipimo cha Mguu wa Jeptoo

Jumamosi moja ya mwaka 1997 Chepngetich alikuwa akiosha sufuria ya presha jikoni kwake, ghorofa ya tatu, mji wa Hyattsville huko ng'ambo, mtu alipoingia kwa dirisha, kichwa kikitangulia, akabaki akielea karibu na taa. Alivaa ovaroli ya bluu na soksi nene. Akasema anaitwa Ethan, anakaa kwenye kituo cha angani, na mpira wa mashine yao ya kusafisha hewa umepasuka. Chombo cha mizigo kimecheleweshwa. Aliomba ule mpira wa mfuniko wa sufuria.

Chepngetich alimwambia kwanza ashuke, maana alikuwa akitimua vumbi la juu ya kabati. Ethan alijaribu, akashindwa, wakayaacha hapo. Yeye alisema Kiingereza, mwenyeji akajibu kwa Kiswahili, wakaelewana kama wazazi wahamiaji na watoto wao wanavyoelewana katika jengo lile.

Alimpa mpira. Na kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu, akautia ndani ya bakuli la aiskrimu pamoja na chapati za moto.

"Bakuli langu lirudi," alimwambia. "Na kwetu bakuli halirudi tupu."

Ethan alilirudisha likiwa na kishikio kipya cha mlango wa friji, alichokichonga huko juu kutoka kwenye kava la feni mbovu. Kilikaa sawasawa. Alieleza kwamba kule hakuna duka. Kitu kikivunjika unatafuta kingine kilichokufa, unakichonga. Aliambiwa atakaa miezi sita, lakini safari ya mwenzake wa kumpokea zamu kila mara inaahirishwa. Chepngetich alisema anajua habari hizo. Yeye aliambiwa karatasi zake za uhamiaji zitachukua miaka miwili, na huu ulikuwa mwaka wa tano. Akitoka nchini haruhusiwi kurudi. Alikuwa akimtunza mzee mmoja College Park, na mshahara huo ndio uliomsomesha binti yake Jeptoo, aliyeachwa kwa bibi yake huko Kericho.

Mwanamwema, Mzanzibari wa ghorofa ya chini, alipanda kuomba chumvi, akamwona mgeni darini.

"Shoga, huyu mwanamume wako hakanyagi chini?"

"Si wangu. Ni jirani."

"Jirani wa wapi?"

"Wa juu."

Mwanamwema akachukua chumvi yake akateremka.

Siku hiyo mezani palikuwa na viatu vyeusi vya shule alivyomnunulia Jeptoo. Ethan alivitazama, akasema ni vidogo. Kituo chao hupita juu ya Kericho na yeye ana dirisha, na kila akimwona Jeptoo akienda shule, amekanyaga visigino vya viatu kama ndara.

"Mama yangu husema vimemkaa," Chepngetich alisema. "Kila mwaka."

"Vimemkaa binamu yake."

Chepngetich aligeuza chapati, akaigeuza tena. Alikuwa akinunua viatu kwa kukisia, na mama yake, ili asimtie uchungu aliye mbali, alikuwa akishukuru.

"Unaweza kumpima?" aliuliza.

Bakuli liliporudi lilikuwa na mguu, kuanzia kifundo kwenda chini, wa plastiki nyeupe. Kidole kidogo kilikuwa kimempanda jirani yake, kama vidole vya ukoo wao wote. Ulikuwa na joto. Chepngetich aliufunga kwa taulo, akaupeleka dukani, na muuzaji akaujaribishia viatu kama mguu wa mteja yeyote. Boniface wa kanisani alikuwa akienda nyumbani Kericho, akavibeba.

Alipopiga simu, mama yake alisema vimemkaa, kwa sauti ile ile ya miaka yote. Lakini nyuma yake Chepngetich alisikia visigino vigumu vikigonga sakafu ya saruji, vikienda na kurudi. Alivisikiliza mpaka kadi ya simu ikaisha.

Kuanzia hapo, kila mguu ulipokua, Ethan alileta mwingine. Chepngetich aliipanga miguu hiyo dirishani na kuipangusa kila Jumapili kabla ya ibada. Wa kumpokea Ethan aliahirishwa tena. Ofisi ya uhamiaji ilisema faili iko njiani.

Mwaka 1999 ulikuja mguu ambao Chepngetich aliuweka sakafuni kando ya wake mwenyewe. Ililingana, hata kidole kidogo.

"Sasa kipimo unacho," Ethan alisema kutoka darini. "Bakuli nitalirudisha na nini?"

"Utaona la kuchonga," alisema, akamjazia chapati.

Ofisi ilipopigiwa simu ilisema asubiri. Chepngetich alinunua viatu, na kwa kuwa kiatu kipya huuma, alivivaa yeye kwanza. Alivitembeza hadi kituo cha basi, hadi kwa mzee wake, hadi kanisani, mpaka ngozi ikalainika. Kisha akavipaka rangi, akavifunga kwenye gazeti kwa ajili ya safari. Soli hakuzipangusa, ili vumbi la njia zake lifike Kericho.