Jitu na Faru wa Kale

Mume wa mchoraji mmoja aliitwa Jitu kwa utani tu, maana alikuwa mfupi, tena mfupi kwelikweli, mtu wa kupanda kigoda ili aifikie rafu ya chumvi. Alikuwa fundi viatu, na alichonyimwa miguuni alilipwa mdomoni. "Mimi nimesimama na faru wa kale," aliwatambia wateja wake. "Nyinyi mmesimama na nani?"

Wala hakusema uongo. Mkewe alikuwa mchoraji wa makumbusho, na ndiye aliyeuchora ukuta mkubwa wa ukumbi wa wanyama: twiga, tembo wa leo, mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya, na yule faru wa kale asiye na pembe, ambaye tembo wa leo akisimama kando yake huonekana ndama. Nyangumi wa buluu, anayewapita wote walio hai na waliotoweka, alimshinda. Alimchora mkia tu kwenye ukuta wa pili, mwili akauacha uishie mlangoni.

Kwenye picha za namna hiyo huwekwa kivuli cha mtu ili watazamaji wajipime. Mtu aliyekuwa karibu siku ile ni Jitu, aliyekuja kumletea mkewe chakula cha mchana. Akamsimamisha ukutani, akamzungushia penseli, kisha akakijaza kivuli chake rangi nyeusi. Kisha akawachora wanyama wote kwa kuwalinganisha na yeye, jinsi kitabu kilivyoonyesha: faru ni mtu mara ngapi, tembo ni mtu mara ngapi.

Hapo ndipo alipoteleza. Mtu wa kitabuni alikuwa na kimo cha watu wengi, Jitu hakuwa nacho. Basi kundi zima likafupika pamoja naye, na miaka ikapita bila mtu kugundua. Nani amewahi kumpima faru wa kale?

Uliogundua ni mfupa. Makumbusho yaliletewa mfano wa plasta wa mfupa wa mguu wa mbele wa faru yule, wenye ukubwa wake halisi. Mafundi walipouinua na kuuweka juu ya mguu uliochorwa, ukapita goti na kuendelea. Mkurugenzi, kijana mwenye adabu zake, akabaki anakuna kichwa.

"Mama, hapa tumewadanganya watu."

"Hatukudanganya. Nilipima kwa mume wangu."

Kijana akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaugeukia mfupa.

Ikaamuliwa wanyama wote wakuzwe. Ukuta hauongezeki, kwa hiyo mguu mpya wa faru ungeangukia palepale aliposimama Jitu.

"Nimhamishie pale mlangoni?" mchoraji aliuliza.

"Hapana, mama. Mlangoni tuweke mtu wa kawaida. Hata mimi unaweza kunichora."

Mtu wa kawaida! Neno hilo lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Maana wakati huo Jitu alikuwa kitandani, ini limeharibika, mashavu yamebonyea, na mdomo wake wenyewe umeishiwa maneno isipokuwa ombi moja. "Nipeleke nikajione," alimwambia mkewe kila siku. "Nikajione mara moja tu kabla sijaenda." Naye aliahidi.

Aliomba asubiriwe hadi mgonjwa apate nguvu. Walimsubiri kiasi, lakini Jitu alizidi kutapika, na wageni wa ufunguzi walikwisha kualikwa. Mwishowe mchoraji alipanda jukwaa, akachovya brashi kwenye rangi ya kijivu, akamfunika mumewe kuanzia miguuni kwenda juu. Alilia waziwazi, na mafundi wakajifanya wanatafuta nyundo.

Wiki iliyofuata Jitu aliamka akadai uji, akaumaliza, akasema, "Leo." Mchoraji hakuwa na moyo wa kukataa wala ulimi wa kusema ukweli. Akamvalisha, akamkodia gari, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi ukumbini. Njiani alishaamua: atamwambia kivuli kilichochorwa mlangoni, cha mkurugenzi, ni chake kilekile, kimehamishwa tu. Uongo mdogo wa huruma, utamdhuru nani?

"Mbona niko mlangoni?" Jitu aliuliza.

"Nilikuhamisha, ili kila anayeingia aanze na wewe."

Akafurahi, masikini. Akataka ainuliwe. Mkewe akamshika kwapani, na Jitu akauegemeza mgongo ukutani, visigino juu ya visigino vya kivuli, kama zamani. Akaweka kiganja utosini, akajitoa taratibu, akageuka kutazama. Juu ya kiganja chake kilibaki kichwa kizima cha kivuli, na shingo.



"Nimepungua hivi?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa fupi kupita kiasi. Mchoraji akaanza kumwaga yote: mfupa, goti, rangi ya kijivu, mkurugenzi aliyesimama hapo akachorwa. "Si wewe huyu! Wewe hukupungua hata kidole. Ulikuwa hivyohivyo tangu unioe!"

Jitu alimpapasa mkono jinsi anavyopapaswa mtoto anayelia.

"Asante, mke wangu. Unajua kubembeleza."

"Nakuapia."

"Najua." Akamtazama faru, aliyekuwa sasa akiigusa dari. "Hata mwenzangu naye amekua. Nilikuwa namfikia goti huyu. Nilijua nimekonda, mama. Sikujua kama nimekwisha."

Akaomba kiti chake. Njia nzima mchoraji alirudia habari ya mfupa, naye Jitu aliitikia kila neno kwa upole, kama anavyoitikiwa mtu asiyeaminiwa. Walipofika nyumbani alimletea dawa yake. Jitu aliufunika mdomo wa glasi kwa kiganja.

"Usiipoteze bure," alisema, akageukia ukutani.