Salamu Yenye Kitufe Kimoja

Jumatatu asubuhi Joyness Mayige alifagia chumba chake cha intaneti karibu na stendi ya Bariadi, akapangusa vumbi kwenye vioo vya kompyuta zake tatu, kisha akawasha ile ya katikati. Kabla hajafungua chochote, kisanduku cheupe kilijitokeza kimeandikwa: "Habari za asubuhi! Umeamkaje?" Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu, nacho kilisema Sawa.

Joyness alikuwa na haraka, lakini haraka haijawahi kumpa mtu wa Usukumani ruhusa ya kupita salamu. Huko hata mwizi wa ng'ombe akikusalimu unaitika kwanza, unamuuliza na habari za kwao, ndipo unapiga mwano, yowe la kuwaita sungusungu. Basi akabofya Sawa, kisanduku kikaondoka kwa adabu, naye akaenda kununua chapati.

Aliporudi, ukurasa wa kutafutia haukuwa ule aliouzoea. Pembeni palikuwa na kioo cha kukuzia cha rangi ya chungwa. Mwalimu mmoja aliingia kutafuta majina ya waliochaguliwa kidato cha tano, akaletewa picha ya geti la bluu. Mfugaji aliyemfuata aliandika "dawa ya ndigana", naye akaletewa geti lile lile. Juu ya geti palisomeka: Kampuni ya Neema Bondeni, Tupo kwa Ajili Yako. Wote wawili walilitambua, maana lilikuwa pale pale mjini, barabara ya kwenda Lamadi. Walilipa nusu saa zao wakaondoka.

Jumatano jambo hilo likatoka nje ya kompyuta. Mama mmoja aliyempeleka mtoto hospitali alifika kwenye geti la bluu. Akageuka, akaifuata barabara ileile anayoijua tangu utotoni, akafika getini tena. Mtoto alipona homa katika safari ya nne, wakarudi nyumbani, yaani walijaribu. Bibi harusi kutoka Somanda alifika pale na shela lake wakati mchungaji, aliyekuwa akienda benki, naye amefika, na kwa kuwa bwana harusi alikuwa anatafuta kinyozi na amefika tangu asubuhi, ndoa ikafungwa hapohapo. Kufikia jioni wauza mihogo ya kukaanga walikuwa wamehamia getini. Hao hawakupotea, hao walikwenda kwa akili zao.

Watu hawakulifanya kuwa habari kubwa. Miaka ile ya soko huria walikuwa wameambiwa mara nyingi kwamba kila mtu sasa yuko huru kwenda apendako, na mara nyingi walikuwa wameishia mahali pamoja. Walichofanya ni kutoka nyumbani mapema zaidi. Waendesha bodaboda waliacha kuuliza abiria anakwenda wapi.

Aliyekosa raha ni Joyness. Mama yake, Nyamizi, alikuwa amekuja mjini kutoka Mwabuhemba, amelala kwenye kitanda cha bintiye na viatu vyake vimepangwa tayari kuelekea mlangoni. Alhamisi saa tatu asubuhi alitakiwa kusimama mbele ya baraza la ardhi. Bonde la Mwabuhemba, ambako alikuwa akilima pamba na mtama tangu alipoolewa, lilikuwa limepewa Kampuni ya Neema Bondeni, na muhtasari wa mkutano wa kijiji ulisema wananchi wamekubali wote. Nyamizi peke yake ndiye aliyeandika barua kwamba yeye hakukubali. Bonde lile ndilo lililomlisha yeye na kumsomesha Joyness, na hakuwa na lingine.

Alhamisi alitoka saa kumi na mbili. Saa moja alikuwa kwenye geti la bluu. Mlinzi, kijana mmoja anaitwa Luhaga, alimpa kigoda na maji ya kunywa.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka, mwanangu. Mhola?"

"Mhola duhu," kijana aliitika, yaani salama tu. "Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Baraza."

"Mimi nilikuwa nakwenda kununua mbegu za alizeti," Luhaga alisema. "Nilipofika hapa mara ya tatu wakanipa sare."

Nyamizi alijaribu tena na tena mpaka jua lilipokuwa utosini, na visigino vikamchubuka. Kesho yake ikaletwa barua: mlalamikaji hakutokea, kesi imeahirishwa wiki moja, asipotokea tena jalada litafungwa. Aliyeileta alisema naye alikuwa ameitwa getini kwa jambo jingine kabisa, akabahatika kupotea, ndiyo maana amefika kwao.

Basi Joyness akaanza kupigana na kompyuta. Ijumaa aliingia kwenye mipangilio, akakuta orodha ya injini za kutafutia, akachagua ile ya zamani na kuiweka iwe ya kwanza. Ilikubali bila ubishi. Kwa dakika kumi hivi mji ulitulia, na mzee mmoja aliyekuwa njiani akajikuta ameingia posta, akaweka barua aliyoiandika siku tatu nyuma. Joyness akafunga brauza, akaifungua tena kuhakikisha, na kioo cha rangi ya chungwa kilikuwa kimerudi kimekaa mkao wa kula.

Jumamosi aligundua kikorokoro kilichojipachika ndani ya brauza, akaking'oa. Kikarudi. Jumanne aliiondoa programu nzima iliyoingia bila kubisha hodi, akaizima mashine na kuiwasha. Kikarudi. Ilikuwa ni kutwanga maji kinuni. Hapakukalika: anaketi, anasimama, anachungulia dirishani kuona watu wanaelekea wapi, na wote wanaelekea barabara ya Lamadi. Chai ilimpoa mezani mara tatu kwa siku. Alimkasirikia mama yake kwa kutokasirika, kisha akajionea haya kwa sababu mama alikuwa amekaa pembeni akishona mfuko wa mbegu, naye aliuliza jambo moja tu, kama Alhamisi ni keshokutwa.

Jumatano alimpigia Keneth, fundi aliyeko Mwanza, mzaliwa wa Lamadi, kijana mwenye maneno mengi ambaye mara nyingine huyafikisha penye maana.

"Umebadilisha setingi?" Keneth aliuliza.

"Nimebadilisha."

"Umeondoa programu?"

"Nimeondoa, Keneth. Usinisomeshe kama mtoto."

"Haya, dada yangu. Ile picha ndogo unayobofya kufungulia brauza, umeiangalia?"

"Picha ina nini?"

"Hiyo siyo brauza yenyewe, ni njia ya mkato tu. Bofya kitufe cha kulia, soma ile anwani yake yote mpaka mwisho. Usiishie njiani."

Joyness akasoma. Jina la brauza lilikuwepo, nyuma yake pana nafasi, na nyuma ya nafasi pana anwani ndefu ambayo hakuiweka yeye.

"Ina mkia," alisema.

"Ndiyo huo. Mlango ni wako, lakini kila ukiufungua unapitia kwanza uani kwao. Kata mkia, weka sawa. Fanya kwa zote tatu. Halafu rudia kuchagua injini yako ya zamani."

Akaukata mkia. Akaifungua brauza, akaifunga, akaifungua. Kioo cha rangi ya chungwa hakikurudi. Nje, kundi la watu lililokuwa likitembea kuelekea barabara ya Lamadi lilisimama kidogo, kama watu waliokumbuka kitu, kisha kila mmoja akashika njia yake. Muuza mihogo mmoja alitukana.

"Sasa nani aliwaruhusu waingie?" Joyness aliuliza.

"Wewe. Kuna mahali umebonyeza Sawa."

"Walinisalimia."

"Hata mimi ningebonyeza," Keneth alisema, akakata simu.

Nyamizi aliweka sindano chini. Aliuliza kama kile kisanduku kilikuwa na kitufe cha kukataa, na bintiye akamwambia hakikuwa nacho.

"Ndivyo ilivyokuwa Mwabuhemba," mama alisema. "Tuliitwa kwenye uwanja wa shule. Bwana mmoja wa kampuni akasimama, akasema, Mwangaluka. Tukaitika. Akauliza, Mhola? Tukasema, Mhola duhu. Karani akawa anaandika. Bwana akanywa soda, akapanda gari. Sisi tukabaki tunasubiri mkutano uanze."

"Haukuanza?"

"Ndiyo ulikuwa umekwisha."

Joyness alitaka kulia na alitaka kupiga mtu, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumpiga, alilia kidogo, akaenda kuosha vikombe.

Alhamisi Nyamizi alitoka saa mbili na nusu, na saa tatu kasorobo alikuwa ndani ya baraza. Miguu yake ilimfikisha bila kugeuka hata mara moja. Joyness alikaa nyuma yake kwenye benchi. Mwenyekiti aliingia, mtu wa makamo mwenye uso wa upole, akavaa miwani, akamwinamia Nyamizi kwa heshima.

"Mwangaluka, mayu."

Nyamizi alimtazama karani. Karani alikuwa ameshika kalamu, na kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Katika umri wake wote hakuwahi kuacha salamu idondoke chini. Aliwahi kuitika akiwa kwenye uchungu wa kuzaa, na aliwahi kuitika siku ya kumzika mume wake Mayige. Akafumba mdomo.

Mwenyekiti alisubiri, akakohoa, akaagiza muhtasari usomwe. Karani akasoma kwamba wananchi waliohudhuria waliulizwa endapo kuna tatizo lolote, nao wakajibu kwa sauti moja: Mhola, yaani hakuna tatizo.

"Mayu, hilo neno lilisemwa?" mwenyekiti aliuliza.

"Lilisemwa. Tulisalimiwa, tukaitika. Wewe ni Msukuma, unajua. Mtu akisalimiwa haachi kuitika. Hana namna."

Mwenyekiti alivua miwani. Kwa kweli alionekana kusikitika, na Joyness alimchukia zaidi kwa hilo.

"Lakini mimi nimekusalimu sasa hivi, mayu. Hukuitika."

Aliikunja miwani, akaiweka juu ya jalada.

"Kumbe mtu anaweza asiitike," mwenyekiti aliendelea taratibu. "Kumbe ni hiari yake. Basi na walioitika waliitika kwa hiari yao."

Karani akaandika. Nyamizi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na safari hii alisema, "Mwangaluka, baba," kwa sauti ndogo, lakini kipengele cha salamu kilikuwa kimeshapita. Jalada likafungwa kwa uzi mwekundu. Saa nne walikuwa nje, jua kali, na mji mzima ukienda unakokwenda. Wagonjwa walikuwa wakifika hospitali. Mwalimu alikuwa ameyapata majina ya kidato cha tano na alipita akiyasoma kwa sauti. Joyness hakuyataka hayo yote. Alikuwa ameirudisha Bariadi nzima kwenye njia zake, na kwa mama yake, aliyekuwa sababu ya kazi ile, haikusaidia kitu.

"Nilipaswa kuitika," Nyamizi alisema.

"Ungeitika wangeandika umekubali."

"Ningekuwa nimenyang'anywa shamba tu. Sasa na adabu wameninyang'anya."

Ijumaa alipanda basi dogo kurudi Mwabuhemba. Alishuka njia panda, akajitwisha mfuko wa mbegu, akashika njia ya bondeni. Alipita kisima, akapita kaburi la Mayige, akateremka pale penye mawe mawili makubwa. Chini ya mawe, mahali pamba yake ilipokuwa inaanzia, lilikuwepo geti la bluu.

Alidhani mitambo ya bintiye imeharibika tena. Akageuka, akapanda mpaka kwenye mawe, akateremka upya akihesabu hatua. Geti lilikuwa palepale. Pembeni, juu ya kigoda, alikaa Luhaga akiwa na daftari lililofungwa mapajani.

"Mwadila, mayu," Luhaga alimpa salamu ya mchana.

Nyamizi aliliangalia daftari, akaona limefungwa. Akatua mfuko wa mbegu chini.

"Mwadila, mwanangu. Mhola duhu. Nimepotea tena?"

"Hapana, mayu. Mara hii umefika. Geti ndilo limehamia huku, tangu jana mchana."

Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa, alifungua daftari la wageni, akamuuliza jina lake na jina la mwenyeji anayemtembelea.

"Nyamizi," alisema.

"Na mwenyeji?"

"Nyamizi."

Luhaga aliandika Nyamizi kwenye safu ya mgeni. Kwenye safu ya mwenyeji alishika kalamu kwa muda mrefu, akamtazama mama yule, akautazama mfuko wake, halafu akaandika Kampuni, na kumwomba aweke sahihi.