Sindano ya Babu Mwingine

Kiangazi, vumbi la Songea halipigi hodi. Linapanda kutoka barabara ya Peramiho, linavuka mashamba yaliyokwisha kuvunwa, linaingia ndani na mlango umefungwa. Unafuta meza, lipo. Unakung'uta gauni, lipo. Kunegunda aliona habari zake nazo zinasafiri hivyohivyo.

Wamejua? Nani amewaambia?

Ilikuwa wiki yake ya kwanza ya uuguzi katika kituo hiki cha afya, na kila jema alilotendewa lilimtia shaka. Careen wa dirisha la dawa alimmiminia chai. Mbona na kiazi cha kuongezea? Mlinzi alimfungulia geti akitabasamu, anatabasamia nini? Na Sista Lidwina, muuguzi msimamizi, mbona haishi kusimama nyuma yake, kimya kama pazia?

Wamejua. Nani amewaambia?

Kazi yake ya kwanza, kule mjini, aliipoteza kwa adabu. Kwao Maposeni alilelewa kutomtaja mzee kwa jina; jina la mzee ni la wazee wenzake. Basi asubuhi moja aliingia wodini na sindano ya kushusha sukari, akaita kwa upole, "Babu?" Mababu walikuwa wawili. Akaitika asiye na ugonjwa wa sukari. Akachomwa, akatokwa jasho, akatetemeka, akazimia. Walimrudisha kwa dripu. Babu alipona. Kazi haikupona.

Tangu siku hiyo aliishuku sauti yake, laini mno. Aliushuku mkono wake, mwepesi mno. Akikosea tena, hakuna kituo kitakachompokea.

Na leo sindano ni ileile. Kitanda cha dirishani, mzee mwenye baraghashia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mjukuu wangu! Neno tamu, na utamu wake ukamtisha. Nyuma yake, viatu vya Lidwina vikasimama.

"Jina lako nani, babu?"

Vichwa vikageuka vitandani.

"Ati?"

"Jina lako. Naomba ulitaje mwenyewe."

"Mimi nitajwe jina kama mwenzako wa kucheza rede? Kwenu hamna wazee?"

Mzee wa kitanda cha pili, Mngoni mwenye utani na Wayao wa Tunduru, akaangua kicheko. "Taja, mtani! Au umelisahau Tunduru kwenye mikorosho?"

Aibu ikampanda Kunegunda shingoni, masikioni, machoni. Miguu ilitaka mlango. Ulimi ulitaka kusema basi, babu, yaishe.

"Nisamehe, babu," akasema. "Bila jina sichomi."

Mzee akamtazama. Sindano, uso, sindano.

"Daimu. Daimu Saidi wa Namasakata. Nikikutajia na la babu yangu tutalala hapa."

Ndilo lililoandikwa kwenye kadi ya trei. Akalishuku hata hivyo, akalisoma tena, herufi kwa herufi. Kisha akachoma.

"Endelea," alisema Lidwina, akaondoka zake.

Ameridhika? Au anakwenda kusema? Kunegunda hakujua, na mgongo wake, uliokwisha kuzoea macho, ukaona baridi.

Jua likaingia dirishani, na vumbi lote likaonekana hewani, chembe kwa chembe, kila moja na mng'ao wake. Hakulifukuza kwa mkono. Alichukua trei akageukia kitanda cha pili, ambako kicheko kilikuwa bado kinaendelea.

"Na wewe, babu? Jina lako nani?"

Mtani akaacha kucheka.