Amri Ambayo Haikuwemo

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka kumi na minane, na baba yangu, Mzee Tumainieli, hakuwa na mtu mwingine nyumbani ila mimi. Mama alishafariki, dada zangu wote wameolewa. Pale kijijini Bombo tulilima kahawa na maharage, na zamu yetu ya maji ya mfereji ikifika tulikuwa wawili tu wa kuyaelekeza shambani.

Barua kutoka chuo cha wauguzi ilipofika, baba alinikabidhi. Hakujua kusoma.

"Haya, Rahabu, wanasemaje?"

Walisema nimechaguliwa, na mzazi akiridhia aweke dole gumba mwishoni mwa karatasi. Nilijua hataridhia, mwaka uliotangulia alinikatalia hata kozi ya ushonaji ya miezi mitatu. Basi nikasoma maneno ambayo hayakuwemo.

"Serikali inaamuru binti huyu afike chuoni kabla ya mwisho wa mwezi."

"Inaamuru?"

"Ndiyo, baba."

Akanyoosha mkono. Nilimpaka wino mwenyewe na kukibonyeza kidole chake pale palipoandikwa "Ninaridhia".

Ningeweza kuvumilia kama angenuna. Lakini Jumapili alisimama kanisani, akatangaza kwamba taifa limemwita mwanawe. Watu wakampigia makofi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Chuoni nilipata barua zake, zilizoandikwa na mwinjilisti. Ng'ombe ameuzwa kwa kukosa mtu wa kukata majani. Mgongo unamsumbua. "Usihangaike, mwanangu. Kazi ya taifa kwanza." Nilianza mara nyingi kumwandikia ukweli. Kila mara niliishia kumwambia kwamba chakula cha chuoni ni kizuri.

Likizo ya mwaka wa pili nikarudi. Nilimkuta anapukuchua maharage, amekonda, nusu ya shamba imeota magugu. Nikamwamkia, nikakaa kumsaidia, na kabla sijajaza hata ungo nikamwambia.

"Baba, haikuwa amri. Waliomba ridhaa yako."

Vidole vyake havikusimama. "Ningekukatalia," akasema.

"Najua."

"Uongo wako ni wako. Lakini mimi nami nimeusema mbele ya madhabahu, bila kujua. Huo utaniondolea palepale."

Jumapili nikasimama mahali alipokuwa amesimama yeye. Nilisema yote, tangu wino mpaka ng'ombe. Nyuma kuna mwanamke aliyecheka. Baba hakuniangalia.

Njiani alinitangulia hatua nyingi, na siku mbili zilizofuata hatukuzungumza zaidi ya salamu. Jumatano alfajiri, nilipokuwa nafunga mzigo, alikuja mlangoni.

"Mwaka mmoja umebaki?"

"Mmoja, baba."

"Nenda ukamalize. Safari hii nimekuruhusu mimi."

Nilimshukuru. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshageuka kwenda kuwafungua mbuzi.