Bandeji ya Wifi

Wifi yangu alikuja kwetu kwa siku mbili, akakaa mwaka. Siku aliyofika, geti lilimkwaruza juu ya kifundo cha mguu, na aliyelisukuma geti ni mimi. Mkwaruzo ukawa kidonda, kidonda kikagoma kufunga. Basi akamtangazia kaka yake, majirani na kila mwenye masikio kwamba haondoki mpaka apone, na aliyemuumiza ndiye atakayemuuguza. Akapewa chumba changu cha kushonea. Cherehani ikahamia koridoni, wateja wakakosa pa kupimiwa, wakapotea mmoja mmoja. Nilimchukia mpaka nikisikia anakohoa tu nakunja uso.

Mume wangu alikuwa na jibu moja: "Vumilia, ni dada yangu." Alilisema akiwa ameshavaa viatu vya kutoka.

Nikampeleka mwenyewe kwa daktari wa mishipa. Nilitaka aambiwe ukweli mbele yangu. Daktari alimsimamisha juu ya kigoda, akampaka jeli mguuni, akapitisha juu yake kifaa cha ultrasaundi, akawa anaminya shavu la mguu na kuachia huku akitazama skrini.

"Damu inapanda, halafu inarudi chini," akasema. "Ndani ya mishipa hii kuna vilango vya kuizuia isirudi. Vyako vimelegea. Ulikuwa unafanya kazi gani, mama?"

"Kupiga pasi kwa dobi. Miaka yote wima."

"Basi mguu ulikuwa mgonjwa kabla ya geti. Hata ukucha wako ungekutia kidonda."

Nilifurahi waziwazi, nikamgeukia wifi. Akaangalia ukuta.

Daktari akaagiza bandeji ya kubana mchana kutwa, na usiku miguu ilale juu ya mto. Kidonda kikikauka, mshipa mbovu utazibwa kwa joto. Mimi nikafundishwa kufunga: kisigino kisiachwe wazi, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia.

Nikawa namfunga kila asubuhi kabla hajashuka kitandani.

"Unanibana makusudi."

"Ndiyo dawa yenyewe hiyo, wifi."

"Mkono wako una roho mbaya."

"Na mguu wako una mdomo."

Wiki zikapita, kidonda kiko vilevile. Mume wangu akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Hata daktari aliniuliza kama kweli nafunga, na swali hilo liliniuma kuliko matusi yote ya wifi.

Siku moja nilitoka kununua uzi, nikarudi mapema. Wifi alikuwa ameketi kitandani, mguu unaning'inia, bandeji ameikunja vizuri mapajani. Kidonda kilikuwa kinachuruzika.

"Kumbe ni wewe!" nilifoka. "Umenichafulia jina, umeniharibia kazi, kumbe kila siku unaifungua mwenyewe!"

Hakukana. "Kikipona utanifukuza."

"Kwako si kupo?"

"Nyumba ipo. Mtu ndani hamna." Akaitupa bandeji miguuni pangu. "Hapa angalau nina wa kugombana naye."

Nilimwonea huruma, na nikaudhika kwamba hata huruma amenichukulia kwa nguvu. Kupitia mlangoni niliiona cherehani yangu koridoni, imefunikwa shuka.

"Utanifukuza?" akauliza tena.

"Ndiyo."

Nikapiga magoti, nikaokota bandeji, nikamwinua wayo, nikaanza kufunga kwenye vidole. Alikuwa analia. Nikakaza mpaka chini ya goti.